Mchanga Uliolala

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba mimi hulaza mchanga. Wanacheka. Wacheke tu, meno ni yao. Ukilaza mtoto kila mtu anakupa pole, lakini ukilaza mchanga siku na siku mpaka shingo ikakukatika, hakuna hata mmoja wa kukuambia kunywa maji.

Kule maabara tuna sanduku la kioo ambalo mtu mzima anaweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Chini ya sanduku kuna mashine ya kulitikisa, na ndani yake tunatengeneza ardhi. Si kwa kumwaga na beleshi, hapana. Mchanga unanyeshwa. Unapita kwenye chekeche linalokwenda taratibu juu ya sanduku, huku na huko, huku na huko, na punje zinashuka kama manyunyu, kila moja inatua ilipopenda. Mchanga ulioshuka hivyo unakuwa mlegevu. Punje zimeegemeana kwa adabu tu, na katikati yake kuna nafasi. Kisha tunaingiza maji kutoka chini, kidogo kidogo, yapande yenyewe mpaka yajaze kila nafasi. Wakati wote huo, ole wake atakayebamiza mlango.

Maana mchanga ule unalala usingizi wa paka. Ukitikiswa, punje zinataka kusogeleana zibanane vizuri, lakini maji yamo katikati na hayana pa kwenda. Basi kwa kitambo punje zinaachana, zinaelea ndani ya maji, na kile ulichokuwa ukikiita ardhi kinakuwa uji. Ndivyo inavyotokea kwenye tetemeko, mahali penye mchanga wa namna hiyo na maji yaliyo karibu. Uliyelala juu ya ardhi unaamka juu ya uji.

Kwa hiyo maabara nzima tunanong'ona. Mwenzangu ni jitu la miraba minne, tumempa jina la Manyunyu kwa sababu ndiye mwenye chekeche, na hata yeye hutembea kama anayepita karibu na mgonjwa. Mazoea hayo yanatufuata mpaka mitaani. Muuza duka wa jirani yangu ameshanichoka. "Dada, sabuni si siri," huniambia. "Sema!"

Sasa ardhi tuliyokuwa tukiilaza safari hii haikuwa ya kubuni. Ilikuwa ya kwetu. Kando ya mto, mahali ambapo zamani palikuwa kinamasi, palijazwa mchanga pakajengwa maghorofa, na mojawapo ni lile la njano wanamokaa wazazi wangu, juu ya ngazi, mlango wa kushoto. Tangu vitetemeko vidogo vilipoanza kugonganisha vikombe kabatini, halmashauri ilitaka kujua: likija kubwa, maghorofa yale yatafanyaje? Wenzangu waliniuliza kama ningependa kazi hiyo apewe mwingine. Nikawaambia thubutu.

Mama hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Sisi tuna nguzo," alikuwa akisema, mikono ameikunja kifuani. "Nguzo za zege, zimepigwa mpaka huko chini kusikojulikana. Watazama hao wenye vijumba vilivyokaa juu juu. Sisi tutawachungulia dirishani."

Nguzo zipo, sibishi. Zimepita kwenye mchanga wote mlegevu zikasimama kwenye udongo mgumu. Lakini nguzo ndefu na nyembamba haisimami kwa nguvu zake peke yake. Mchanga ulioizunguka ndio unaoishika kiuno. Siku mchanga unapokuwa uji, nguzo inabaki haina wa kuishika, na kichwani imebeba ghorofa zima na watu wake na makabati yao. Hapo inaweza kupinda. Na kando ya mto kuna balaa jingine: tabaka kavu la juu huteleza juu ya ule uji kuelekea mtoni, na katika kuteleza kwake linazisukuma nguzo kwa ubavu. Mguu ukikwama shimoni halafu ukasukumwa, unajua mwenyewe unavunjikia wapi. Nguzo nazo mara nyingi huvunjikia pale pale, mpakani, uji unapokwisha na ugumu unapoanza, mahali ambapo hakuna jicho litakaloona. Waliozipiga walitaka zibebe mzigo. Hakuna aliyeziambia kwamba zitasukumwa.

Haya yote niliyasema mezani kwa Mama mpaka mate yakanikauka. Alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akasema neno moja tu. "Na Baba yako?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Baba yangu alikuwa msoma mita za maji. Alizunguka mji huu nyumba kwa nyumba mpaka akastaafu, na hakukuwa na uchochoro asioujua. Sasa kumbukumbu zimemtoka mojamoja, kilichobaki ni ile nyumba. Jina langu limekwenda. Ananiita fundi, kwa heshima kabisa. Jina la Mama linakuja na kuondoka. Lakini ndani ya nyumba ile Baba ni mfalme. Anaamka, anatandika upande wake wa kitanda, anakwenda msalani bila kushikwa, anawasha taa ya ukumbini, anakaa kwenye kiti chake na kuuliza habari za mji. Mtoe nje ya mlango ule, mfalme anageuka mtoto aliyepotea sokoni. Niliwahi kumleta kwangu apumzike kidogo. Hata siku haikuisha. Alisimama katikati ya chumba ameshika kiuno cha suruali, analia, anauliza amekosa nini mpaka amefungwa.

"Ukimtoa humu," Mama aliniambia, "utakuwa umemzika huku anapumua."

Na mimi nilijua kwamba nikimwacha humo, ardhi huenda ikamzika yenyewe. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, jamani, huku nanyesha mchanga na kunong'ona.

Mchanga ulipokuwa tayari, jaribio likingoja kesho yake tu, Mama akaja maabara, mkoba begani, Baba mkononi. "Nimekuja kuiona hiyo ardhi yako inayotaka kunihamisha," alisema akiwa bado mlangoni, kwa sauti yake ya kuita watu walio mbali.

Manyunyu akamwendea kwa kunyata, kidole mdomoni. "Shikamoo mama," akanong'ona.

"Marahaba mwanangu," Mama akanong'ona naye, bila hata kujua kwa nini.

Lazima niseme ukweli, ardhi yetu ilikuwa nzuri siku ile. Mchanga umelala, maji yamo ndani yake lakini huyaoni, na nyuma ya kioo kulikuwa na mistari ya mchanga wa buluu tuliyoipanga tabaka kwa tabaka ili baadaye tuone nini kimesogea wapi. Juu yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichosimama kwenye vibomba vyembamba vya alumini. Vibomba ndizo nguzo, chuma ndilo ghorofa. Pembeni tuliweka kipande kingine kidogo kisicho na nguzo, kwa ajili ya kulinganisha. Manyunyu, ambaye akikosa kazi hutafuta rangi, alikuwa amekipaka kile chuma rangi ya njano na kukichorea madirisha, hata mapazia ya dirisha la Mama.

Mama alitazama mapazia yake. Akatabasamu kidogo kisha akajizuia, maana alikuwa amekuja kugombana.

Baba naye alisogea. Aliinama, akatazama lile ghorofa, na uso wake ukafunguka taratibu, kama dirisha linalofunguliwa na mtu aliye ndani. Alipajua. Mahali hapo pageni, penye mashine na nyaya, alikuwa amepaona kwake. Akanyoosha kola ya shati lake. Akakohoa kidogo. Na kabla sijainua mkono, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga milango maisha yake yote.

"Hodi wenyewe! Mita!"

Mchanga ukaamka.

Hakukuwa na kishindo. Kwanza ngozi ya ardhi ilitetemeka, ikang'aa, maji yakajitokeza juu kama jasho. Mistari ya buluu ikaanza kuteleza kwa upole, ikapinda, ikachanganyika. Kile kipande kisicho na nguzo kikazama bila haraka mpaka kikatoweka. Ghorofa la njano lilibaki limesimama, na Mama akafungua mdomo aniambie unaona. Ndipo nalo likaanza kuinama. Liliinama polepole sana, kama mtu anayesinzia kwenye kiti na bado anataka muamini yuko macho, madirisha yake yakageukia chini, likalala ubavu kwenye mchanga uliokuwa umeshanyamaza.

Baba alingoja kidogo, kama ilivyo adabu. "Hawapo," akasema. Akaangalia tena. "Wanahama."

Damu ilinichemka, siwafichi. Kazi yote ile! Nilivuta pumzi niuvunje ukimya wa maabara ile kwa kelele ya miezi mizima, halafu nikamwona Mama. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono umeshika shavu.

"Amegonga kwa kidole tu?" akaniuliza.

"Kidole tu, Mama."

"Na nguzo zilikuwepo?"

"Zilikuwepo. Umeziona."

Alimshika Baba mkono, wakaondoka, na kwenye ujia nilimsikia Baba akimwambia kwamba wale watu wa nyumba ya njano ni wastaarabu, hawajawahi kumfungulia mbwa. Kelele yangu ikageuka kitu kingine. Nililia kama mjinga. Manyunyu akanipa kitambaa chenye mchanga, nikajifutia, nikawashwa macho kwa sababu mbili.

"Mwenda pole hajikwai, dada," akaninong'oneza.

"Usiniletee methali!" nikamnong'oneza nami, kwa ukali niliokuwa nao wote. Akaenda kuchukua chekeche, tukaanza upya.

Tulinyesha tena, tukatia maji tena, na safari hii mlango ulifungwa kwa ufunguo. Siku ya jaribio lenyewe mashine ilitikisa kama tetemeko kubwa linavyotikisa, na yote yakaenda kama ndoto uliyowahi kuiota: kung'aa, kuelea, tabaka la juu likiteleza kuelekea upande wa mto. Ghorofa la njano liliyumba, likasogea, na mashine ilipozima lilikuwa bado limesimama. Halikuwa limelala kama siku ya Baba, maana mchanga haulali mara mbili sawasawa. Limesimama wima, madirisha yote yako sawa. Mmoja wa wenzetu akapiga makofi. Wakati ule hata mimi nikajiambia labda, labda.

Kisha tukafukua. Tuliyatoa maji, tukauondoa mchanga kwa vijiko na brashi za kupakia rangi, tukizifuata nguzo kwenda chini. Huko chini kabisa, pale mchanga mlegevu ulipokutana na tabaka gumu, kila kibomba kilikuwa kimepinda mahali pamoja, na viwili vilikuwa vimekatika kabisa. Ghorofa lilikuwa limesimama juu ya miguu iliyovunjika, linatutazama. Ukikaa ndani yake ungesema umepona. Ungepika, ungelala, mpaka kitetemeko kidogo tu cha baadaye kije kumalizia kazi.

Halmashauri ilisema nguzo mpya zinawezekana na ardhi inaweza kuimarishwa, lakini watu watoke kwanza. Nilichukua kibomba kimoja kilichopinda, nikampelekea Mama. Sikueleza kitu. Alikiweka mezani, akakizungusha, kisha akajaribu kukinyoosha kwa mikono yake miwili, ameuma mdomo. Kilinyooka kidogo. Alipokiachia, pale palipopinda palikuwa na ufa.

"Sawa," akasema. "Ya nyumba nimekubali. Sasa niambie ya mume wangu."

Kesho yake kazini niliosha vibomba, nikaviosha tena. Manyunyu alinivumilia mpaka akashindwa.

"Dada, kazi yetu sisi ni nini?" akaniuliza, na kwa kuwa sanduku lilikuwa tupu alisema kwa sauti yake halisi, nene, nilikuwa nimeshaisahau. "Si kutengeneza kitu kifanane na kingine mpaka kidanganyike?"

"Kidanganyike nini?"

"Mchanga haujui kwamba uko sandukuni. Unadhani uko mtoni."

Nilimtazama kwa hasira, maana ndivyo ninavyomtazama mtu akinishinda akili.

Nina kijumba changu kilimani, kimekaa juu ya mwamba mtupu, chini yake hakuna hata kikombe cha mchanga. Ni kile kile alimolia Baba. Tukaamua tukigeuze kiwe nyumba ya wazazi wangu. Sikutaka cha kufanana kwa mbali tu, nilitaka chenyewe. Lakini hatukupima kuta. Kuta hazina maana kwa mtu asiyezitazama tena. Tulimpima Baba.

Niliiba kopo la ile poda ya buluu tunayochanganya na mchanga, nikampaka Baba kwenye viganja. "Dawa gani hii, fundi?" akaniuliza. Nikamwambia ya mikono kukauka. Akanishukuru. Kisha tukamwacha aishi. Alizunguka nyumba yake kutwa nzima, na kila alipopita aliacha alama: kwenye swichi, ukingo wa mlango wa chumbani, kona ya meza, mgongo wa kiti, ukutani kwenye ujia mahali anapojisukuma kidogo ili akate kona. Jioni ilipofika nyumba ilikuwa imejaa viganja vya buluu, na sisi tukasimama katikati yake kama watu walioingia ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda pale.

Alama nyingi kuliko zote zilikuwa kwenye bega la Mama. Gauni lilikuwa halitamaniki. "Kwa hiyo mimi ni fanicha?" Mama akauliza, akijitazama. Manyunyu akamjibu kwamba kwa vipimo vyake yeye ni nguzo, na Mama akamtupia kandambili.

Tulihamisha kila alama. Tulivunja ukuta mmoja wa kwangu, tukajenga mwingine, tukasogeza swichi, tukabana ujia. Mlango wa chooni wa kule ulikuwa unakwaruza sakafu, basi tukaufanya wa kwangu ukwaruze pia, na fundi seremala alikasirika, akasema katika maisha yake hajawahi kuombwa kuharibu mlango. Ubao wa sakafuni uliolia karibu na kitanda cha Baba ulitushinda kabisa. Tukaung'oa kule kwao, tukauleta mzima mzima. Mimi nikahamia stoo, pamoja na masanduku yangu na hasira zangu.

Siku ya kuhama Mama alimtoa Baba matembezi. Walipogeuza kona tu, tukaingia kama wezi: kitanda, kabati, vikombe kwa mpangilio wake, mapazia, viatu vyake chini ya kiti, kimoja mbele kimoja nyuma. Alasiri wakaletwa kilimani kwa gari. Nilikuwa nimesimama nje. Kwangu hupandwa kwa ngazi za mawe, na hizo hatukuweza kuzibadilisha. Baba alizipanda taratibu, akasimama mara moja kupumua.

"Leo ngazi ngumu," akasema.

"Ni uchovu," Mama akamjibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

Mlango ulikuwa wazi. Baba akasimama kizingitini. Nilimwona anatazama ndani, na uso wake haukusema kitu, na mimi nikahisi chini ya miguu yangu mwamba wote ule unataka kuwa uji. Kisha mkono wake ukainuka wenyewe, ukaenda ukutani, ukakuta swichi. Taa ikawaka. Akaingia. Akajisukuma kwenye ujia, akakata kona, akashika mgongo wa kiti, akakaa. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akatutazama sote tulivyojazana mlangoni kama mbuzi wanaoogopa mvua.

"Karibuni basi," akasema. "Habari za mji?"

Manyunyu alitoka nje. Nilisikia anashangilia huko uani kwa lile lisauti lake, na sikumkataza. Niliwapikia watu wote, nikawacheka wote, na usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu hata kwenye masanduku ya stoo.

Asubuhi nilimkuta Mama sebuleni. Kule kwao jua la asubuhi lilikuwa la jikoni. Hapa liliingilia dirisha la sebuleni, likamulika kiti cha Mama, na jua halihamishiki. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kile, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba.

"Umeamkaje, Mama?"

"Salama."

"Kuna kitu hakiko sawa?"

"Kila kitu kiko sawa," akasema. "Kabati lipo. Saa ipo. Vikombe vimepangwa kuliko nilivyopanga mimi. Umefanya kazi kubwa, mwanangu, Mungu akubariki. Ila mimi najua." Macho yakamjaa. "Baba yako yuko kwake. Mimi niko kwenye picha ya kwangu. Tangu alfajiri natafuta pa kukaa."

Katika kupima kwetu kote, hakuna aliyempima Mama. Mimi, binti yake, ninayejua punje ya mchanga inatua vipi, sikuwa nimejiuliza hata mara moja yeye atatua wapi.

Baba akatoka chumbani, amechana nywele, amefunga vifungo vyake vyote. Akamwona mwanamke aliyekaa na mkoba. Jina la Mama, asubuhi ile, halikuwepo. Nilimwona akilitafuta kisha akaliacha. Akavuta kiti akakaa mbele yake, kwa upole wa mwenye nyumba.

"Karibu, mama," akamwambia. "Mbona umekaa kama unayeondoka?"

"Mimi mgeni hapa," Mama akasema.

"Ah, usijali. Utazoea." Baba akamsogelea kidogo, kama anayetoa siri. "Mke wangu naye, tulipohamia hapa, alikaa hivyo hivyo. Hapo hapo. Mkoba mapajani, kutwa nzima. Nilikuwa natoka kazini moyo wangu juu, nasema leo huyu nitakuta ameshanikimbia."

Mama alikuwa amemkazia macho. Hata mimi hadithi hiyo sikuwahi kuisikia, lakini nilipomwona Mama nilijua ni ya kweli.

"Akakimbia?" akauliza.

"Akimbilie wapi! Siku moja tu nikasikia ninafokewa kutoka chumbani. Taulo bichi nimeliacha kitandani. Nilifokewa, mama wee, mpaka majirani wakanipa pole! Basi nikajua, ahaa, sasa huyu yuko kwake." Baba akacheka peke yake, taratibu, akitikisa kichwa. "Nilifurahi sana siku ile."

Mama hakucheka. Akaushusha mkoba mapajani, akauweka sakafuni.

"Na leo," akasema, "taulo umeliweka wapi?"

Baba akafikiri. Akatazama miguu yake.

"Kitandani," akasema.

"Kaliondoe!" Mama akamfokea, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Kaliondoe sasa hivi, kitanda changu kinalowa!"

Na Baba akainuka upesi upesi, akicheka kama kijana, akaenda kuliondoa.